Babu kipofu, baba njiani: Je, wewe umepimwa macho?

Leo naomba radhi kabla sijaanza, maana nitakukaribisha nyumbani kwetu Kakamega na kukusimulia jambo ambalo baadhi ya jamaa zangu wangependa libaki la nyumbani. Mwenyewe linayemhusu, yaani baba yangu mzazi, amenipa ruhusa. "Andika," aliniambia, "lakini jina langu usilitaje." Basi sitalitaja.

Mwaka juzi, Jumamosi moja asubuhi, mzee aliondoka nyumbani akaenda Khayega kutazama mafahali wakipigana. Wewe uliyezaliwa pande zile huhitaji kuelezwa mambo yalivyo: isukuti zinalia, vumbi limetanda, wenye fahali wanacheza na vijana wamepanda juu ya miti. Fahali mmoja alipozidiwa aligeuka akatimua mbio, na umati ukapasuka. Kila mtu aliruka kando ila baba. Alikuwa amekaza macho mbele, hakumwona kabisa mnyama aliyekuwa akija kutoka upande wake wa kushoto. Kijana mmoja alimkamata koti akamvuta. Mzee alianguka akavunjika kifundo cha mkono, lakini roho yake ilisalimika.

Jioni ile tulimlaumu. Tulisema uzee umemfika na michezo ya vijana aachane nayo. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kwa nini mtu anayesoma gazeti zima bila miwani, hata matangazo ya vifo yenye herufi ndogo, ameshindwa kumwona fahali.

Tungekuwa waangalifu, tungejua mapema. Kwa muda wa miaka miwili hivi mzee alikuwa akigonga bega kwenye mwimo wa mlango. Alikuwa akimimina chai ikamwagikia kando ya kikombe. Jirani akimsalimu kutoka ukingoni mwa njia, alipita kimya, hadi watu wakaanza kusema mzee fulani siku hizi anaringa. Zote hizo zilikuwa dalili, nasi tulizihesabu kuwa tabia.

Sasa nikupeleke nyuma kidogo. Babu yangu, yaani baba yake baba, nilimkuta tayari kipofu. Nilipokuwa mtoto kazi yangu ilikuwa kumshika fimbo na kumwongoza hadi chini ya mwembe. Mdogo wake naye alipofuka. Nyumbani sababu ilijulikana: zamani palikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba, na ndugu aliyedhulumiwa aliapa kwamba watu wa nyumba ile hawataiona ardhi waliyoichukua. Laana hiyo ilituchosha. Kuku walichinjwa, kondoo akatolewa, maombi yakafanywa usiku kucha. Upofu haukusikia.

Mkono wa baba ulipokuwa ukipona, mama alisisitiza apelekwe pia hospitali ya macho. Daktari alimpima presha ya macho, akamtia dawa ya kupanua mboni, akamulika ndani kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali moja tu: "Mzee, kwenu kuna mwingine aliyepofuka?"

Baba akanyamaza. Mama ndiye aliyejibu: "Baba yake. Na baba yake mdogo."

"Watoto wenu ni wangapi?"

"Watano."

"Waleteni wote," akasema daktari.

Ndugu msomaji, ugonjwa wa baba unaitwa glakoma. Wengi wetu tunauita presha ya macho, ingawa haufanani na ile presha ya damu unayopimwa mkononi. Ni vyema kuuelewa, kwa sababu huenda uko nyumbani kwako na hujui.

Ndani ya jicho mna maji safi, mbali na machozi, ambayo hutengenezwa kila saa na kutoka kupitia kichujio chembamba sana. Fikiria mtaro wa pale stendi ya Kakamega wakati wa mvua ya alasiri. Mtaro ukiwa wazi, maji yanakwenda zake. Ukiziba, maji yanajaa. Ndivyo ilivyo katika jicho: kichujio kikishindwa kupitisha maji, presha ya ndani inapanda, na kinachoumia ni mshipa wa fahamu ulio nyuma ya jicho. Mshipa huu una nyuzi zaidi ya milioni moja zinazopeleka picha kwenye ubongo. Nyuzi hufa polepole, na uzi uliokufa haufufuki.

Nyuzi zinazotangulia kufa aghalabu ni zile za kuonea pembeni. Ndiyo maana baba alisoma gazeti lakini hakumwona fahali. Hakuna maumivu wala wekundu, na jicho halitoi machozi. Sisi wa Kakamega tunalijua Jiwe la Ilesi, lile liliaalo kando ya barabara ya Kisumu, ambalo kila mpita njia huona maji yakilitiririka. Glakoma hailii hivyo. Kufikia siku mgonjwa anaposema haoni vizuri, sehemu kubwa ya mshipa huwa imekwisha kwenda.

Hapo ndipo inapotofautiana na mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni ukungu katika lenzi, na mtu hupasuliwa akaona tena. Kwa sababu hiyo wazee wengi wanapopungukiwa na macho hukaa wakisubiri "liive nipasuliwe". Iwapo ni glakoma, kila mwezi wa kusubiri ni mwezi wa kupoteza kisichorudi. Duniani kote, glakoma ndiyo inayoongoza kwa kuleta upofu usioweza kurudishwa.

Wala usidhani ni ugonjwa wa nchi za mbali. Jirani zetu wa Tanzania waliupima katika vijiji sita vya Kongwa, mkoani Dodoma, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2000. Watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na zaidi walichunguzwa. Takriban wanne katika kila mia walikuwa na glakoma. Piga hesabu ya watu wazima wanaojaa kanisani au msikitini kwenu, uone ni wangapi.

Sasa tuje kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Je, glakoma hurithiwa?

Jibu ni ndiyo, lakini si kwa namna ambayo watu wengi hudhani. Huko Baltimore, Marekani, watafiti walichapisha mwaka wa 1994 hesabu ya watu wenye jamaa wagonjwa. Aliyekuwa na mzazi mwenye glakoma alikuwa katika hatari kiasi cha mara mbili kuliko mtu mwingine. Aliyekuwa na ndugu wa tumbo moja mwenye glakoma, hatari yake ilikaribia mara nne. Mwaka wa 1998 watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, waliwachunguza wenyewe ndugu na watoto wa wagonjwa badala ya kutegemea maneno yao. Walikadiria kwamba kufikia uzeeni watu 22 katika kila 100 wa jamaa hao watakuwa na glakoma. Katika jamaa za watu wasio na ugonjwa, hawafiki hata watatu.

Lishike hilo la ndugu. Sisi hutazama juu tu, kwa baba na babu, tukasahau kutazama kando. Ndugu yako akiambiwa ana glakoma, habari hiyo ni yako pia.

Kurithi kwenyewe kuko kwa namna mbalimbali. Mwaka wa 1997 wanasayansi waligundua jeni iitwayo MYOC, ambayo ikiwa na kasoro huweza kuleta glakoma, hata kwa vijana. Hii ni ya kurithi moja kwa moja: mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi sawa ya kuipata au kuikosa, kama kurusha sarafu. Hata hivyo ni wagonjwa wachache tu, watatu au wanne hivi katika mia, ambao ugonjwa wao hutokana na jeni hiyo.

Mwaka huo huo wa 1997 iligunduliwa nyingine, CYP1B1, inayohusika na glakoma ya watoto wachanga. Hii huhitaji mtoto apokee kasoro kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Wazazi wenyewe huwa wazima, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Ndiyo sababu huonekana zaidi mahali ambapo watu wa damu moja huoana. Hapa wazee wetu Waluhya wanastahili heshima. Walipokataza mtu kuoa katika ukoo wa baba yake na hata ukoo wa mama yake, hawakuwa na darubini, lakini mwiko wao ulipunguza hatari ya magonjwa ya aina hii.

Lakini mwiko huo hauzuii glakoma ya watu wazima, ambayo ndiyo ya baba yangu na ndiyo iliyo nyingi Afrika. Hii haina jeni moja ya kulaumiwa. Hutokana na vijikasoro vingi vidogo vidogo vinavyojumlishana, kisha umri ukaongeza lake. Mmoja hurithi kichujio dhaifu, mwingine mshipa mwepesi kuumia, mwingine kioo chembamba cha mbele ya jicho ambacho hufanya kipimo cha presha kionekane kidogo kuliko ilivyo. Kwa miaka mingi uchunguzi wa jeni ulifanywa zaidi kwa Wazungu na Waasia, ilhali watu wenye asili ya Kiafrika ndio wanaoumwa zaidi na mapema zaidi. Pengo hilo limeanza kuzibwa. Mwaka wa 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzao walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 11,000 wenye asili ya Kiafrika, wakionyesha sehemu kadhaa za chembe za urithi zinazohusiana na ugonjwa huu.

Pengine utauliza: basi nikapimwe damu nijue kama nimerithi? La, si lazima. Kwa mtu wa kawaida, kipimo chenye faida ni cha jicho lenyewe. Na usikubali kupimwa presha peke yake ukaenda zako. Kawaida presha ya jicho huwa kati ya 10 na 21, lakini wapo wenye glakoma ambao presha yao imo humo humo. Mwambie daktari: "Kwetu kuna glakoma, naomba unitazame na mshipa wa nyuma." Kisha ipo mashine unayoweka kidevu, ukabonyeza kitufe kila uonapo kimulimuli. Hiyo ndiyo hupima macho ya pembeni. Haina uchungu hata kidogo.

Niliporudi nyumbani na agizo la daktari, nilidhani watu watafurahi kwamba laana imepatiwa jina na dawa. Shangazi yangu alinikalia kitako. "Wewe msomi," akasema, "unataka ijulikane kwamba sisi ni ukoo wa vipofu? Wasichana wetu wataolewa na nani?" Nilimjibu kwa adabu kwamba kijiji kizima kinajua babu alikuwa kipofu. Wasichokijua ni kwamba wajukuu wake wanaweza kuokolewa. Shangazi alikaa kimya, akaendelea kuchambua mboga. Wiki mbili baadaye, bila kumwambia mtu, alipanda gari akaenda kupimwa. Macho yake hayana neno.

Katika sisi watano, wanne tumepimwa. Ndugu zangu wawili ni wazima kwa sasa, na wameambiwa warudi kila mwaka. Dada yangu, fundi cherehani pale Amalemba mwenye umri wa miaka 43, amekutwa na glakoma changa. Yeye anatunga uzi kwenye sindano bila taabu na hakuwa na lalamiko lolote. Alilia sana siku ile. Leo anatia matone yake kila jioni saa tatu, na kipimo cha mwisho kimeonyesha hajapoteza zaidi. Mimi mwenyewe nimeambiwa mshipa wangu una dalili za kutiliwa shaka, hivyo nachunguzwa kila baada ya miezi sita. Nakiri, mpenzi msomaji, kwamba usiku wa siku ile sikulala. Lakini afadhali kukosa usingizi ukijua kuliko kulala usingizi mnono ukipofuka.

Kuhusu matibabu, lengo ni kushusha presha ili kilichobaki kihifadhiwe. Yako matone kama timolol na latanoprost, ambayo hutumiwa kila siku, maisha yote. Yuko pia daktari wa upasuaji anayeweza kufungua njia mpya ya maji. Na ipo leza. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, wagonjwa waligawanywa makundi mawili: wengine matone ya timolol, wengine leza. Matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2021 yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja leza ilifaulu kwa macho 61 katika kila 100, na timolol kwa 31. Hii ni habari njema kwa mtu ambaye kila mwezi anapiga hesabu kati ya chupa ya dawa na karo ya shule. Muulize daktari wako kama inakufaa.

Maonyo mawili. Kwanza, mwenye pumu asitumie timolol bila daktari kujua hali yake, kwani inaweza kumziba pumzi. Pili, tuache mazoea ya kununua matone ya "macho kuwasha" dukani na kuyatia miezi na miezi. Baadhi yana deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, ambayo hupandisha presha ya jicho, na watu wa familia zenye glakoma ndio huathirika upesi zaidi. Baba yangu aliuziwa chupa baada ya chupa katika duka moja la dawa, na hakuna aliyemuuliza lolote.

Basi ufanye nini? Uliza nyumbani ni nani aliyepofuka na kwa nini, hata kama swali litaudhi. Iwapo yupo, wote mliozaliwa naye na watoto wake mpimwe kuanzia miaka 40, au mapema zaidi daktari akishauri, kisha mrudie kila mwaka au miaka miwili kama mtakavyoelekezwa. Mwenye kisukari au asiyeona mbali vizuri asichelewe. Na mtoto mchanga mwenye macho makubwa kupita kiasi, yanayotoa machozi na kuogopa mwanga, tusimsifu uzuri wa macho tukaishia hapo. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Walio Kakamega wanaweza kuanzia hospitali ya rufaa ya kaunti, au kuvuka hadi Hospitali ya Macho ya Sabatia, kaunti jirani ya Vihiga.

Nimesema wanne tumepimwa. Wa tano ni kaka yetu mkubwa, na yeye ni dereva wa matatu kati ya Kakamega na Kisumu. Kila nikimwambia hucheka. "Mdogo wangu, mimi nikiwa mjini naona mpaka Chavakali!" Sina shaka anaona mbele. Baba pia aliona mbele. Ninachohofia ni bodaboda inayochomoka kutoka kichochoro cha kushoto, na watu 14 waliokaa nyuma yake wakimwamini.

Kaka, najua abiria huacha magazeti kwenye viti, na kwamba wewe huyasoma ukingoja gari lijae. Iwapo hili limekufikia, sikukusudia kukuaibisha. Nauli ya hospitali nitalipa mimi, na Jumatano ni siku yako ya kupumzika. Tutakwenda pamoja, nami nitakuwa na miadi yangu.

Nawe mpenzi msomaji, kwaheri ya kuonana Jumapili ijayo. Naomba tuonane kweli kweli.